Kumpikia umpendaye nyumbani, hapa Mwanza: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nimepika chakula cha kuuza karibu na mwalo wa Kirumba, pale wavuvi wanaposhusha samaki, kwa miaka 14. Vijana waliozoea kula kwangu bado hunipigia simu, na simu huongezeka kila mwisho wa Januari, siku ya wapendanao ikikaribia. Neno lao ni lilelile: "Mama, nataka kumpikia mtu wangu nyumbani, nianzie wapi?" Maswali yanayojirudia nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayowapa.

Nipike nini?

Pika chakula kimoja anachokipenda, na vya kukisindikiza viwe vichache. Samaki, wali au ugali, mboga ya majani, kachumbari. Vinatosha kabisa.

Nasema hivi kwa sababu ya jambo lililonipata. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilitaka mume wangu ajue kwamba ameoa mpishi. Nilibandika pilau, kuku, sato wa nazi, maharage na chapati, vyote jioni moja, kwa jiko la mkaa moja. Alirudi saa 12 jioni, akaoga, akakaa kibarazani kunisubiri. Nilipotenga chakula ilikuwa saa 4 usiku, naye alikuwa amelala kwenye kiti na viatu miguuni. Alikula kwa heshima, lakini usiku ule hatukuzungumza hata robo saa. Aliponiambia baadaye kwamba alichokuwa anakitaka ni kukaa na mimi, nilibadilisha namna yangu ya kupanga mlo. Tangu hapo, kabla sijachagua chakula najiuliza: nikipika hiki, nitapata kukaa naye? Maswali mengi yaliyo hapa chini nayajibu kwa kipimo hicho.

Tumejuana miezi michache tu. Nitajuaje anachokula na asichokula?

Muulize siku tatu kabla. Kuuliza hakuharibu kitu, na atafurahi kwamba umemfikiria.

Huku kwetu yapo mambo ya kuangalia. Wasabato ni wengi kanda hii, na wanaofuata mafundisho yao hawali samaki asiye na magamba, kwa hiyo kambale aondoke kwenye mpango wako. Sato na sangara wana magamba, hao hawana tatizo. Kama ni Mwislamu na unataka kuku, hakikisha amechinjwa inavyotakiwa na kwamba sufuria yako haijapikiwa nguruwe. Mkatoliki anayeshika Kwaresima hatakula nyama siku ya Ijumaa, ila samaki atakula. Halafu kuna miiko ya ukoo: nimewahi kumhudumia mtu mzima ambaye kwao samaki aitwaye kamongo hasogezwi hata karibu na sahani, na aliniambia kwa upole sana baada ya kuona nimeshamwekea. Na kuna mwili wenyewe. Karanga huwadhuru baadhi ya watu vibaya, maziwa huwasumbua wengine tumbo. Yote hayo unayajua kwa swali moja la simu.

Sato au sangara?

Inategemea anaogopa miiba au la. Sato ana nyama tamu, laini, na akipikwa mzima sahani inapendeza macho. Lakini ana miiba, na mtu aliyekulia mbali na ziwa anaweza kuukaa mlo mzima akichambua kwa hofu. Mtu huyo mnunulie minofu ya sangara. Sangara ana mafuta zaidi, mnofu wake ni mnene na hauvunjiki ovyo kwenye mchuzi.

Sangara aliingizwa katika ziwa hili miaka ya 1950, akawameza furu, samaki wadogo wa asili, wengi waliokuwapo, ndiyo maana wazee ukikaa nao bado wanahadithia ladha ya samaki wa enzi zao. Nilimpikia bibi mmoja sangara wa kukaanga akamla wote, kisha akanihadithia furu kwa nusu saa. Kama mwenza wako amekulia visiwani, muulize nyumbani kwao walikuwa wanakula nini. Pengine hamu yake iko kwenye dagaa wabichi wa kukaanga, na wewe unahangaika na sato wa bei.

Jambo moja naomba: sangara mwenye urefu chini ya sentimita 50 usimnunue hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Sheria inakataza kumvua, na ziwa linatulisha sote.

Nikifika sokoni nimtambueje samaki mbichi?

Nenda asubuhi, kabla ya saa 2 ukiweza, Mwaloni pale Kirumba. Jioni utapata samaki, ila atakuwa ameshinda juani.

Mtazame macho kwanza. Yawe yametuna na kung'aa. Yakizama na kuwa na ukungu, muache. Funua matamvua: yawe mekundu, bila utelezi wa kahawia. Bonyeza mgongoni kwa kidole, na nyama irudi mahali pake. Ikibaki na shimo, samaki huyo amekaa. Mwisho mnuse. Samaki mzuri ananukia maji. Muuzaji mwema hatakasirika ukifanya hayo yote, na akikasirika nenda meza inayofuata.

Kwa watu wawili, sato wawili wa karibu nusu kilo kila mmoja ni saizi nzuri, kila mtu na wake. Mimi lakini napenda mmoja wa kilo moja au zaidi kidogo, awekwe katikati kwenye sinia, mle pamoja. Mikono ikikutana kwenye sinia moja, mazungumzo huja yenyewe.

Pale pale wapo wanaopaa samaki kwa malipo kidogo. Waambie wasipasue nyongo, maana ikipasuka uchungu wake hauondoki. Ukifika nyumbani, sugua ile ngozi nyeusi iliyo ndani ya tumbo la sato mpaka itoke. Wengi huiacha, kisha wanashangaa mchuzi una uchungu kwa mbali.

Sina friji. Samaki wa asubuhi atafikaje jioni?

Nunua barafu palepale sokoni, mweke samaki kwenye mfuko safi, umzungushie barafu ndani ya ndoo yenye kifuniko, ndoo ikae kivulini. Maji ya barafu yakiyeyuka yamwage. Bila barafu, kwa joto letu, usimwache kwa muda unaozidi saa mbili.

Kama barafu imekosekana, mpake chumvi umkaange asubuhi ileile mpaka awe mkavu, kisha jioni umuunge kwa nyanya au nazi. Kwa mpango huo sahau kuchoma. Wenye friji pia wasiiamini kupita kiasi, umeme ukikatika mchana kutwa friji inakuwa kabati tu.

Sato wa kuchoma hunigandia kwenye wavu na kuvunjika. Nakosea wapi?

Unakosea kwenye moto na kwenye haraka. Swali hili naulizwa kuliko yote, basi nilieleze taratibu.

Mchane samaki mistari mitatu kila ubavu, isifike kwenye mfupa. Twanga kitunguu saumu punje 4, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, chumvi kijiko kimoja cha chai, pilipili manga kidogo. Ongeza ndimu moja na mafuta vijiko 2 vya chakula. Msugulie ndani ya mistari na tumboni, umuache nusu saa. Usimlaze kwenye ndimu kutwa nzima, kwa sababu ndimu inaanza kuipika nyama na ukimweka motoni atakuwa mkavu, anameguka kama unga.

Kabla ya kumweka wavuni, mfute kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni. Ngozi yenye maji ndiyo inayoganda. Mkaa uuache uwake mpaka ufunikwe na majivu meupe, moto wa ndimi uishe kabisa. Weka wavu mtupu juu ya mkaa dakika 5 upate moto, uupake mafuta, ndipo umlaze samaki.

Sasa muache. Usimguse. Samaki aliyeiva upande wa chini huachia wavu mwenyewe; ukijaribu kumwinua na bado amenata, hajawa tayari. Sato wa nusu kilo hutaka dakika 8 hadi 10 kila upande, wa kilo moja mpe dakika 12 hadi 15. Utajua ameiva nyama ya karibu na mfupa wa mgongo ikiwa nyeupe na inaachia mfupa. Ikiwa bado inang'aa kama kioo, mrudishe.

Wavu wa kubana, ule wa pande mbili wenye mshikio, ni mzuri kwa anayeanza. Unageuza wavu wote, samaki hasumbuliwi.

Na wa nazi je?

Wa nazi ni wa usiku wa mvua, wakati kuchoma nje hakuwezekani, au kama mwenza wako ni mtu wa pwani. Nazi zinazouzwa kwetu nyingi zinasafiri kutoka huko, kwa hiyo itikise kabla hujalipa usikie maji. Nazi isiyo na maji huwa imeharibika.

Ikune nazi, kamua tui zito kikombe kimoja uliweke kando, kisha tui jepesi vikombe 2. Mkaange samaki kidogo apate ngozi ngumu. Kaanga kitunguu, nyanya 3, hoho na bizari, mimina tui jepesi, lichemke. Mrudishe samaki, moto mdogo, dakika 10. Tui zito linaingia mwisho, na ukishalimimina tikisa sufuria au koroga polepole bila kuacha. Likichemka kwa nguvu linakatika, na tui lililokatika halirudi.

Wali wangu unakuwa bokoboko. Nifanyeje?

Punguza maji. Mchele mpya, ule unaoingia mjini kutoka Magu, Misungwi au Sengerema mara baada ya mavuno, una unyevu wake, hautaki maji mengi kama uliokaa ghalani. Kwa watu wawili pima kikombe kimoja na nusu cha mchele. Mchele mpya upe maji vikombe 2, wa zamani uongezee nusu. Maji yakikauka juu, funika, punguza moto, palia makaa machache juu ya kifuniko, uache dakika 15 bila kufunua.

Ugali unaweza kuwa chakula cha usiku wa mahaba?

Kwa nini usiwe? Huwa naumia kidogo nikisikia swali hili, kana kwamba mapenzi yanahitaji chakula cha kigeni. Kama aliyekukaa moyoni ni mtu wa ugali, mpikie ugali, ila upike kama unampikia mgeni wa heshima. Unga uliochekechwa, usonge mpaka harufu ya ubichi iishe, uwe laini bila mabuja. Ugali wa udaga, yaani unga wa muhogo uliovundikwa, na sato wa kuchoma, mboga ya mgagani iliyotiwa maziwa, pilipili pembeni. Nimeona wanaume wazima wakinyamaza mbele ya sahani hiyo kwa sababu imewakumbusha kwa mama yao. Ukimsikia Msukuma anasema "wabeja", yaani asante, kabla sahani haijaisha, umempata.

Tena ugali unaliwa kwa mkono, na hapo kuna jambo zuri sana. Pasha maji ya kunawa, yatie kwenye jagi, mnawishe wewe mwenyewe kabla ya kula, taratibu, na umshikie taulo. Usimwachie akanawe bombani.

Nina jiko moja la mkaa na chumba kimoja. Nitapangaje muda?

Anzia saa mnayotaka kukaa mezani, kisha rudi nyuma. Tuseme mnakula saa 1 na nusu usiku.

Mchana osha na kata kila kitu, tengeneza kachumbari bila chumvi (chumvi uitie wakati wa kula, isitoe maji), kamua juisi. Saa 11 jioni washa mkaa. Saa 11 na nusu pika mboga. Saa 12 bandika wali, na saa 12 na nusu mpake samaki viungo. Saa 12 na dakika 40 epua wali, ukiwa umefunikwa ufunge ndani ya khanga nzito au blanketi, hautapoa kwa saa nzima. Ongeza mkaa, kisha nenda kaoge. Kuoga ni sehemu ya ratiba, usikuruke. Usije mezani unanuka moshi. Ukitoka, mkaa una majivu meupe. Samaki anaingia saa 1 na kutoka saa 1 na dakika 25.

Mwenza wako akifika mapema, mpe kitu cha kutafuna na stuli karibu na jiko akae hapo mzungumze. Samaki akiwa motoni hana kazi nyingi.

Mvua ikija ghafla usiliingize jiko la mkaa ndani ya chumba na kufunga mlango. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, na inaua watu wakiwa wamelala. Kaa barazani chini ya bati, au badilisha mpango ukaange kwa gesi.

Tukalie wapi? Sina meza nzuri.

Mkeka safi unatosha. Una bahati kama unaishi mlimani, Isamilo, Bugando au kwingine kwenye miamba yetu: toa mkeka nje mtazame ziwa. Jua huku linazama karibu na saa 1 usiku mwaka mzima, likipishana kwa robo saa hivi, na linazamia upande wa Sengerema, ng'ambo ya maji. Wanaotaka kula likizama wasogeze ile ratiba nyuma kwa muda wa dakika 45.

Angalieni na mwezi. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao, na ziwani mtaona mji mwingine umewaka. Mwezi ukiwa mpevu hawatoki wengi, kwa kuwa taa hazivuti dagaa kwenye mbalamwezi, na maji yenyewe ndiyo yanayong'aa. Mimi nachagua usiku wa giza, wengine wataniona nimekosea.

Upepo nao una tabia yake: mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Weka jiko mahali ambapo moshi hautawafuata upepo ukigeuka. Na wale wadudu wadogo wa ziwani, siku wakija kama wingu, zimeni taa kubwa, washeni taa moja mbali na chakula, mle kwa mshumaa uliowekwa ndani ya glasi. Mbu wapo pia, jipakeni dawa kabla, si katikati ya kula.

Mimi ni mwanaume. Ndugu zangu wataniona nimekaliwa nikiingia jikoni.

Kaka yangu, wanaokaanga chipsi mitaani jioni wengi wao ni wanaume, na hakuna anayewacheka. Ukimpikia mkeo mara moja kwa mwezi hujapoteza kitu. Mwambie tu asikae akakuelekeza kila hatua. Mpe kiti, mpe juisi, apumzike. Kwa mwanamke anayepika kila siku, kutengewa sahani na mtu mwingine ni raha kubwa kuliko khanga dazeni.

Naogopa atadhani nimemwekea limbwata.

Swali hili nisingelileta kama lisingekuwa linaulizwa. Wapo watu waliofundishwa tangu utotoni kuogopa chakula cha mpenzi, na hofu hiyo uiheshimu badala ya kununa. Mpikie mbele ya macho yake. Mwombe akusaidie kukata nyanya, aonje mchuzi, achukue sahani yoyote anayotaka kati ya hizo mbili. Kuleni sinia moja. Chakula mlichopika pamoja hakina mahali pa kufichia kitu.

Februari 14 ni siku nzuri?

Ni siku kama nyingine, na sokoni kila mtu anataka samaki yuleyule. Ukiishika, angalia kalenda: mwaka 2018 na 2024 iliangukia Jumatano ya Majivu, na watu walipika nyama kwa wapenzi waliokuwa wamefunga. Mimi naona siku ya kuanza kazi mpya, au Jumanne tu ambayo amerudi amechoka, inafaa zaidi.

Kinywaji na kitu kitamu?

Juisi ya ukwaju, ichemshwe, ichujwe, ipoe. Baada ya chakula, nanasi au embe kwa msimu wake. Ukitaka kumshangaza mtu wa huku, mpe matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga za kukaanga pamoja na glasi ya maziwa baridi.

Chakula kikiungua?

Wali ulioshika chini, usiukoroge. Hamishia wa juu kwenye sufuria nyingine, weka kipande cha kitunguu juu, funika dakika 10. Samaki aliyeungua ngozi mvue ngozi. Kilichoharibika kabisa kiacheni, chemsheni chai, kaangeni mayai, na mle palepale mlipokuwa mmepanga kula.

Harufu ya samaki mikononi inatokaje?

Msiendelee na usiku wenu kabla ya hili. Funga miiba kwenye mfuko uutoe nje, paka wasije wakaimwaga. Vyombo loweka, vitaoshwa asubuhi. Kisha chukua nusu ya ndimu iliyobaki na chumvi kidogo, msugue viganja na vidole mpaka chini ya kucha, naye akusugue vyako, halafu mmiminiane maji ya uvuguvugu yaliyobaki kwenye jagi.